Buloni za Gari Nyekundu

Siku ya soko, mji mzima wa Baraka hushuka kwenye mchanga wa ziwa, na mtu hawezi kupiga hatua bila kusuguana bega na mwenzake. Siku hiyo, mwanzoni mwa mwaka tisini na nane, ilikuwa hivyohivyo: mama wenye makarai ya ndagaa kichwani, vijana wa machimbo ya Misisi wenye pikipiki zilizojaa tope, harufu ya mawese na moshi, na kelele juu ya yote. Vita vya kwanza vilikuwa vimepita, waliokimbilia ng'ambo ya ziwa walikuwa wanarudi mmojammoja, na watu waliuza na kununua kwa pupa, kama wanaojua amani hiyo haitadumu.

Faida Wilondja alikuwa amekaa juu ya kasha, katikati ya vyuma vyake. Bawaba, kufuli, minyororo, na milima midogo ya buloni, yaani bolti, zilizotolewa kwenye malori yaliyokufa. Biashara hiyo aliachiwa na marehemu baba yake, na hakuna mwanamke mwingine sokoni aliyeuza vyuma. Yeye hakujali. Alijifunga kitenge cha buluu chenye picha za mbayuwayu, nywele kazisuka mistari, na mikononi alikuwa na kutu hadi kwenye viwiko. Jirani yake kwenye kibanda alikuwa mama yake mwenyewe, mama Marthe, aliyekaanga vitumbula.

"Samahani, dada. Natafuta ndugu ya huyu."

Faida akainua macho. Mbele yake alisimama kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, kola imesimama. Lakini kucha zake zilikuwa nyeusi kwa grisi. Alifunua kitambaa cha mkononi kama anayefunua dhahabu, na ndani yake mlikuwa na buloni moja iliyopinda kama kidole cha mzee.

"Huyu amekufa," Faida akasema. "Ndugu yake nimutafutie wapi, kwa makaburi?"

"Natafuta ndugu mwenye nguvu kumupita. Munene kidogo, na mugumu. Asiyepinda juu ya shida kidogo."

"We unatafuta buloni ao unatafutia dada yako bwana?"

Mama Marthe akacheka, wanunuzi wa vitumbula wakacheka, na kijana naye akacheka huku uso ukimwiva. Alisema jina lake ni Norbert, mtoto wa mzee Albert Asukulu, yule aliyekuwa shoferi wa Mgiriki mnunuzi wa pamba zamani. Aliinama, akaanza kuchambua buloni moja moja, akisoma namba ndogo zilizogongwa kwenye vichwa vyake. Jua likamhamia mgongoni, shati likamganda, naye bado anachambua.

"Utalala hapa?" Faida akamuuliza.

"Nikipata zote leo, nitakosa sababu ya kurudia."

Akanunua mbili tu. Kesho yake akarudi kununua mbili nyingine, ingawa haikuwa siku ya soko na ilibidi amfuate Faida nyumbani kwao.

Baada ya majuma kadhaa alimpeleka kuiona gari. Ilikuwa imefichwa chini ya kibanda cha mabati nyuma ya nyumba ya mzee Albert: gari ya mbio, fupi, ya chini, yenye viti viwili tu. Wekundu wake ulikuwa umefifia, na herufi za jina lake zilikuwa zimekwisha banduka. Mgiriki alimwachia mzee Albert alipoondoka, na tangu hapo ilikuwa imekaa kama mgonjwa asiyekufa wala kupona.

"Moteri ni nzima," Norbert akaeleza, huku amejilaza chini ya gari, miguu tu ikionekana. "Ugonjwa iko nyuma. Inama uone. Hii mikono mbili njo inashika ekseli. Na pale inapokutana na mwili wa gari, baliishikisha na kachuma kembamba kama karatasi, na buloni kama sindano. Kule Ulaya barabara ni laini, inatosha. Hapa ukipiga shimo moja, buloni inapinda. Shimo ya pili, tundu inapanuka. Ya tatu, chuma inapasuka, ekseli inakimbilia njia yake na we unakimbilia ya kwako."

"Na we utafanya nini?"

"Nitakata vishikizo vipya kwa chuma ya shasi ya lori. Vinene mara tatu. Nitatoboa tundu kubwa, nipitishe zile buloni zako. Kisha hii gari itapanda mulima wa Fizi sawa mbuzi."

"Sheri, bantu banatengeneza nyumba kwanza."

Neno hilo *sheri*, yaani mpenzi, lilimtoka kwa mzaha. Norbert akajitokeza chini ya gari na uso wenye mafuta, akamtazama, na hakuna aliyecheka tena.

Walipendana miezi ile yote, bila kujificha sana. Faida alimshikia taa alipolehemu, akampangusia jasho na ncha ya kitenge. Norbert alimletea mafuta ya nywele kutoka Uvira, akayafunga kwenye karatasi pamoja na ekru, yaani nati, mbili ambazo Faida alizihitaji kwa mteja. Buloni ya mwisho ilipokazwa, alimketisha Faida kitini na kuitoa gari barabarani. Watoto walikimbia nyuma yao wakipiga mayowe. Walivuka mashimo yote hadi mtoni Mutambala, mgongo wa gari ukidundadunda, na hakuna kilichogonga wala kupinda.

"Unasikia?" Norbert akauliza.

"Sisikie kitu."

"Njo hicho! Chuma haisemi kitu!" Akapiga usukani kwa furaha. "Kisha mavuno, nitakuya kwa mama yako na wazee. Nitakuomba vizuri, Faida. Kwa heshima yote."

"Na nikikatala?"

"Nitanunua buloni kila siku hadi uchoke."

Mama Marthe peke yake hakuifurahia gari hiyo. "Ilipokuwa mubovu," alisema jioni moja akipepeta unga, "hakuna askari aliyeitazama. Vita ile ingine walichukua gari zote, hii waliiacha. Sasa mumeifanya nzuri."

Mwezi wa nane vita vikarudi. Kwanza vilikuwa sauti ya redio tu, majina ya miji ya mbali. Kisha barabara ya Uvira ikafungwa. Kabla mwaka haujaisha, askari wa uasi waliingia Baraka, wakakaa kwenye nyumba nzuri. Barabara ya kupanda Fizi ilikuwa imeharibika kwa mvua, na pikapu ya komanda wao ikavunjika springi njiani. Komanda akauliza kama kuna gari nyingine mjini inayoweza kupita pale. Watu walimwambia ukweli, kwa kuwa waliogopa.

Asubuhi iliyofuata kibanda cha mabati kilikuwa kitupu, na Norbert hayupo.

Faida alimwona tena baada ya siku nyingi. Gari nyekundu ilipita mbele ya soko, Norbert kwenye usukani, miwani myeusi usoni. Kando yake alikaa mwanamke mrembo mwenye gauni la njano na midomo iliyopakwa rangi. Nyuma ya viti, askari mmoja alikuwa amejibanza na bunduki. Gari haikusimama. Norbert hakugeuza hata shingo.

"Ule mwanamke anaitwa Georgette," muuza chumvi akasema bila kuulizwa. "Beko pamoja kila siku. Bwana yako amepata kazi."

Faida akaendelea kupanga kufuli zake. Usiku ule alilia hadi mama yake akaja kulala kando yake.

Tena siku zikapita. Mchana mmoja gari ilisimama mbele ya vyuma vyake. Norbert akashuka. Shati lilikuwa jeupe kama zamani, lakini mwili ndani yake ulikuwa umekonda. Askari alibaki garini, mlango wazi, akimtazama. Georgette naye alikuwa kitini, akijipepea.

"Niuzishie buloni," Norbert akasema kwa sauti kubwa. Akainama juu ya rundo la vyuma, na midomo yake ikasogea kidogo tu. "Kesho usifungue. We na mama, mubakie nyumbani. Nakusihi."

Faida alisikia kila neno. Lakini uchungu wa siku zote hizo ulikuwa umemjaa, na yule mwanamke wa njano alikuwa anamtazama moja kwa moja.

"Juu ya nini nisifungue?" akasema, na soko likageuka kusikiliza. "Juu mupenzi wako mupya hapendi kuniona? Mwambie asipite hapa!"

Wengine walicheka. Uso wa Norbert uligeuka rangi ya majivu. Askari akateremsha mguu mmoja chini. Norbert alichukua buloni yoyote iliyokuwa karibu, akarudi garini.

Jioni mama Marthe alisema, "Yule mutoto alikuambia kitu. Tubakie nyumbani kesho."

"Mama, alikuwa anataka kunifukuza sokoni tu. Sitafukuzwa na mutu kama yule."

Kesho yake walifungua. Jua lilipopanda, askari walilizunguka soko, wakitafuta wapiganaji wa msituni waliosemekana wamechanganyika na wauzaji. Mtu mmoja akakimbia. Risasi zikaanza. Faida alijitupa chini katikati ya vyuma vyake, mikono kichwani, na aliponyanyuka karai la mafuta lilikuwa limepinduka na mama Marthe amelala kando yake, kitenge chake kimeloa. Alikuwa bado anapumua. Hakusema maneno ya kuaga. Aliomba maji tu, na kabla Faida hajayapata, alikuwa amekwisha.

Walimzika haraka, pamoja na wengine, wakiogopa hata kuimba. Siku ya tatu Faida alipanda mtumbwi wa moteri na familia za mtaa wao, wakavuka ziwa kwenda Tanzania. Hakuchukua chuma hata kimoja. Alibeba neno moja tu, na alilirudia moyoni kila siku kambini, kwenye foleni ya unga, kwenye foleni ya kuni: *alijua*. Norbert alijua, na akaendelea kuwaendesha. Na nyuma ya neno hilo kulikuwa na lingine ambalo hakulisema hata kwa padri: *na mimi niliambiwa*.

Alipata kibanda cha udongo, akauza vitumbula alivyojifunza kwa mama yake. Wanaume walimtania, naye aliwajibu kwa ufupi. Mwaka ulipita, na mwingine.

Alikuwa bombani, ndoo yake ikijaa, mwanamke mmoja aliyesimama nyuma yake alipomgusa bega.

"We njo Faida? Faida wa mabuloni?"

Faida akageuka. Mwanamke alikuwa mwembamba, amevaa kitenge kilichochakaa, mkono wa kushoto umekauka na kupinda kwenye kiwiko. Ilimchukua muda kuliona gauni la njano nyuma ya sura hiyo.

"Toka mbele yangu," Faida akasema.

"Nitatoka. Lakini sikia kwanza, dada. Nilikutafuta kambi nzima."

"Uniambie nini? Vile alikupenda?"

Georgette akacheka kicheko kikavu. "Kunipenda? Mi nilikuwa wa komanda. Balinichukua Uvira kwa nguvu, nikiwa na gauni la mudogo wangu. Norbert balimuchukua sawa mimi. Kila asubuhi balikuwa banamupitisha mbele ya baba yake, bunduki kwa kichwa ya muzee, kisha banamuambia: *endesha*. Ule askari nyuma ya kiti hakuwa wa kumulinda. Alikuwa wa kumuua."

Ndoo ilikuwa imejaa na maji yanamwagika. Hakuna aliyelifunga bomba.

"Kisha ile siku ya soko," Georgette akaendelea, sauti imeshuka, "aliona mama yako akibebwa. Hakula tena. Akaanza kutafuta njia ya kumutorosha baba yake, na akapata: muzee alifika Kilembwe na bantu ba kanisa. Siku hiyohiyo Norbert akaomba ruhusa ya kukaza gari. Mi nilikuwa namutazama. Alitoa zile buloni zako zote, akarudisha za zamani, zile kama sindano. Akasaga na vishikizo kwa tupa, hadi vikabaki vyembamba. Aliponiona akaniambia hivi tu: 'Kesho tunapanda Fizi na komanda. Ukisikia chuma inagonga nyuma mara ya pili, ruka. Usingoje ya tatu.'"

"Na ukaruka?"

"Niliruka. Nilikuwa nimeikala juu ya magoti ya komanda, karibu na mulango. Njo huu mkono. Gari ikatupa ekseli kwa kona, ikaingia kwa bonde. Komanda alikufa, na askari alikufa."

Faida alishika ukingo wa bomba. "Na yeye?"

"Yeye alikuwa na usukani kwa kifua, dada. Angeruka namna gani? Wakulima balimutoa. Nilisikia alipelekwa Kilembwe kwa baba yake. Kama eko muzima leo, sijui."

Kambini mfanyabiashara mmoja alikuwa na redio ya kupigia, ile ambayo Wakongo huiita foni. Watu walipanga foleni nje ya dirisha, na yeyote aliyesema, alisemea masikioni mwa wote. Mwenye foni aliuliza Kilembwe, Kilembwe ikauliza Misisi. Misisi ikasema kuna fundi kilema anayetengeneza pampu za machimbo, jina lake Norbert, na ataletwa baada ya siku mbili. Siku hizo mbili Faida hakukaanga chochote.

Sauti ilikuja ikikatikakatika, kama inatoka chini ya maji.

"Hapa Norbert. Nani ananiita? Over."

Faida alibonyeza kitufe, na maneno yote aliyoyapanga yakamkimbia. "Ni mi," akasema. Mwenye foni akamkumbusha kwa ishara neno la kumpisha mwenzake. "Over."

Redio ikanguruma. Watu wa foleni wakaacha kuongea.

"Faida." Kisha tena: "Faida. Mama yako... nilimuona. Sikuweza kushuka. Over."

"Georgette aliniambia yote. Over."

"Hakukuambia yote. Gari ile, kama ningeiacha mubovu, hawangeipeleka. Hawangenipeleka. Mi njo niliifanya inafaa. Nalala na hiyo kila siku. Over."

"Na nani alikuuzishia buloni?" Faida akapaza sauti, machozi yakimteleza mbele ya foleni nzima. "Nani alikushikia taa? Na nani aliambiwa asifungue, akafungua? Norbert, unataka kubeba peke yako hata ya kwangu? Over."

Mama mmoja kwenye foleni alikuwa amejifunika uso na kanga.

"Kuya huku," Faida akasema. "Over."

"Mguu mumoja balikata. Siko yule uliyemujua. Mutu ataniona pamoja na we, atacheka. Over."

"Bacheke. Balicheka hata ile siku ya kwanza. Kuya. Over."

Alikuja mwisho wa masika, na kundi la watu wa Kilembwe waliokimbia mapigano mapya. Faida alikuwa anakanda unga mbele ya kibanda chake alipoona kivuli cha magongo mawili ardhini. Hakunyanyuka mara moja. Alifuta mikono polepole, kidole kwa kidole, kwa kuwa aliogopa uso atakaouona.

Norbert alikuwa amezeeka. Mvi zilikuwa zimeingia kwenye ndevu, na shati lilikuwa la msaada, la mistari, limempwaya. Suruali ilikuwa imekunjwa na kufungwa kwa kamba kwenye paja.

"Karibu," Faida akasema.

"Asante."

Alimpa maji, kisha kiti. Walikaa wakitazama njia, ambako watoto walikuwa wanasukuma tairi. Norbert alisimulia kuwa mzee Albert alifariki Kilembwe, kwa homa, amelala kitandani pake. Faida alisema hilo ni jambo la kushukuru, na kweli siku hizo lilikuwa la kushukuru. Naye akamsimulia wapi hasa mama yake alizikwa, nyuma ya kanisa, na kwamba hakuna alama, hata jiwe.

"Nilikuwa nimepanga vile nitakuomba kwa mama yako," Norbert akasema. "Nilikuwa nimechagua mupaka wazee. Mumoja aliuawa, ingine sijui eko wapi. Baba hayuko. Na kwenu?"

"Baba mudogo alibakia Fizi. Hakuna mutu amesikia habari yake."

"Basi, Faida, nitaenda kukuomba kwa nani?"

Faida alitazama vidole vyake vyenye unga. Jirani alikuwa anatwanga, na mchi ulipiga, ukapiga tena.

"Kwa mi," akasema. "Hakubakia mwingine. Niombe mi mwenyewe."

Norbert akamtazama kuona kama anatania. Hakutania. Akayavuta magongo, akaanza kusimama, kwa kuwa mtu haombi mke amekaa. Gongo moja liliteleza. Faida alinyoosha mkono, kisha akaurudisha, akamwacha asimame mwenyewe. Ilimchukua muda. Aliposimama, alifunga kifungo cha juu cha shati.

"Mi ni Norbert," akasema, sauti ikitetemeka kama ya kijana mbele ya wakwe. "Mutoto wa Albert Asukulu, wa Baraka. Nimekuya peke yangu, munisamehe. Sikuleta mbuzi, sikuleta kitu. Kwa nyumba hii niliona binti anaitwa Faida. Nimekuya kumuomba."

Faida hakujibu upesi. Mama yake asingejibu upesi. Angemwacha mkwe asimame hadi magoti yachoke, angemuuliza habari za ukoo, angemtafutia kasoro. Lakini huyu alikuwa na goti moja, na ukoo wake wote ulikuwa yeye mwenyewe. Faida alijifunga kitenge vizuri kiunoni, akakaa wima kwenye kigoda kama mwenye nyumba, machozi yakimfika kidevuni bila kuyafuta.

"Tumekusikia," akasema kwa niaba ya wote wasiokuwepo, akimwonyesha kiti. "Ikala chini, mutoto wetu. Ikala, tuongee."